Dozi Moja Kliniki, Kumi na Tatu Nyumbani

Kabla sijapima chochote, nazima feni. Mizani yetu inasoma hadi miligramu moja, na upepo ukiipitia kidogo tu tarakimu zinaanza kucheza: 11, 14, 9, 13. Nafunga mlango, nageuza uso pembeni nisiupumulie unga, kisha nagonga ukingo wa kijiko kwa kidole mpaka kinachodondoka kinakuwa kama vumbi. Unga wa karanga tunaoutumia umekamuliwa mafuta, na karibu nusu ya uzito wake ni protini. Kwa hiyo nikiambiwa mtoto anakunywa miligramu 6 za protini leo, napima miligramu 12 za unga. Ukiuweka juu ya ukucha, ni lazima uangalie mara mbili kujua kama upo. Nimeshaona midomo ya mtoto ikivimba kwa kiasi hicho.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mzio ya watoto. Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kuwapa watoto chakula kinachowadhuru, kidogo kidogo, kwa makusudi, wazazi wao wakiwa wamekaa pembeni wameshika mikoba. Kwenye maandishi inaitwa imunotherapi ya mdomo. Sisi tunaoifanya tunaiita kuzoesha. "Leo una wangapi wa kuzoesha?" ndilo swali la kwanza la asubuhi.

Wazo lenyewe halina mafumbo. Mtoto mwenye mzio wa chakula ana kingamwili za aina ya IgE zinazokiona chakula hicho kama adui, nazo zimekaa juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, zinangoja. Karanga ikiingia, seli zinamwaga kila kitu kwa pamoja. Ila ukimpa karanga kidogo sana, chini ya kiasi kinachomwasha, na ukampa kila siku bila kuruka, seli hizo polepole zinapoa. Baada ya wiki mbili unapandisha. Baada ya miezi, anakula kiasi ambacho mwaka uliopita kingemfikisha chumba cha dharura. Hajapona, na hilo nalisema siku ya kwanza, nalirudia ya pili na ya tatu. Kizingiti chake, yaani kiasi anachoweza kuvumilia, kimepanda, na kimeshikiliwa pale na kula kila siku.

Si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1908, Alfred Schofield aliandika kwenye jarida la The Lancet habari za kijana wa miaka 13 aliyekuwa akidhurika vibaya na mayai. Alimpa tembe zenye chembe ndogo mno ya yai, akaongeza kiasi taratibu mpaka kijana akaweza kula mayai. Zaidi ya karne imepita. Mbona basi kliniki nyingi bado zinamwambia mzazi aepuke tu chakula, abebe adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, na arudi mwaka ujao?

Zamani nilikuwa nadhani jibu ni woga wa madaktari. Siku hizi naona jibu liko kwenye hesabu moja ndogo. Dozi inapandishwa kila baada ya siku 14. Dozi moja kati ya hizo anakula kwetu, nikimwangalia, adrenalini ikiwa mezani. Zinazobaki, kumi na tatu, anakula nyumbani, na anayemwangalia ni mama aliyechoka, au kaka yake, au hakuna mtu. Sisi tumejenga kliniki kwa ajili ya ile moja. Matatizo karibu yote yako kwenye zile kumi na tatu.

Majaribio makubwa yalilijua hili, ndiyo maana yaliajiri watu. Jaribio la PALISADE, lililochapishwa mwaka 2018, liliwahusisha watoto na vijana wa miaka 4 hadi 17 wenye mzio wa karanga. Walipandishwa hadi miligramu 300 za protini kwa siku. Mwishoni, asilimia 67.2 ya waliopewa dawa waliweza kuvumilia dozi ya miligramu 600 au zaidi kwa mkupuo. Kwa waliopewa unga bandia ilikuwa asilimia 4.0. Matokeo hayo yalifungua mlango wa Palforzia, unga wa karanga uliopimwa kiwandani, kuidhinishwa Marekani Januari 2020, dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa mzio wa chakula. Lakini ukiusoma utafiti kwa jicho la muuguzi unaona kingine: kila familia ilikuwa na mtu wa kumpigia simu, kadi ya kuandika kila dozi, ratiba iliyopangwa na mtu ambaye hana kazi nyingine. Dozi ilifika nyumbani ikiwa imeshapimwa. Kliniki ya kawaida inachukua namba ya miligramu kutoka kwenye utafiti ule na kuwaacha wale watu wote nyuma.

Kuna upande mwingine ambao sipendi kuufunika. Mwaka 2019, Derek Chu na wenzake walikusanya majaribio 12 ya karanga na kuonyesha kwamba watoto wanaozoeshwa wanapata anafilaksia, yaani mzio mkali unaoweza kuua, takriban mara tatu zaidi ya wale wanaoepuka tu. Mantiki yake haina utata: anayekula karanga kila siku atadhurika mara nyingi kuliko asiyezigusa. Mzazi aliyesoma makala hiyo aliniuliza, "Sasa sista, unanitibia mtoto au unamuumiza?" Nilimjibu kwamba madhara mengi ya tiba hii yanatokea saa unayoijua, kwa kiasi unachokijua, dawa ikiwa karibu. Yale ya kuepuka yanatokea kwenye sherehe ya watu wengine. Baadhi ya familia zinapenda mabadilishano hayo, nyingine hazipendi, na zisizopenda hazijakosea. Yule mama aliondoka, akarudi baada ya miezi minne. Wengine hawarudi.

Kuna kosa letu la mwaka wa kwanza ambalo bado linaniuma. Watoto wakishafika dozi kubwa kiasi, tulikuwa tunaacha kuwapimia na kuwaandikia wazazi: robo kijiko cha chai. Ilituokolea muda mwingi. Kisha mtoto mmoja, ambaye alikuwa anakula dozi ileile bila shida kwa siku tisa, akatokwa na mabaka mwili mzima na kuanza kukohoa. Mama yake alimchoma adrenalini nyumbani, vizuri kabisa, kama tulivyomfundisha. Walipokuja nikamwomba alete kijiko chake na kopo lake. Nilikaa naye mezani, nikamwambia, "Pima kama unavyopima nyumbani, mama." Akapima. Nikaweka kwenye mizani. Akapima tena. Tulifanya mara kumi. Kijiko kilekile, mkono uleule, na kipimo kizito kilikuwa karibu mara mbili ya kipimo chepesi, kwa sababu siku nyingine unga ulikuwa umeshindiliwa kopoani na siku nyingine umetikiswa. Halafu nikasoma kopo. Halikuwa unga tuliomwonyesha. Ule uliisha, akanunua mwingine wenye mafuta tofauti na protini tofauti. Hakuna mahali kwenye karatasi yetu palipomwambia asifanye hivyo.

Yule mama aliomba radhi. Mimi ndiye niliyetakiwa kuomba, na niliomba.

Tangu siku hiyo dozi ndogo zinatoka kwetu zimeshapimwa, kila moja kwenye kijibahasha chake chenye tarehe. Dozi zikikua tunahamia kwenye chakula kinachojipima chenyewe. Punje moja ya karanga ina kama miligramu 250 za protini, na ingawa punje hazilingani, tofauti ya punje na punje ni ndogo kuliko tofauti ya kijiko na kijiko. Maziwa ndiyo rafiki yangu mkubwa: mililita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban miligramu 33 za protini, na bomba la plastiki lisilo na sindano linatosha kwa kila kitu. Ukitaka chini ya hapo unachanganya sehemu moja ya maziwa na tisa za maji, unavuta, umemaliza. Nikiwa na mwanafunzi mpya namwanzishia maziwa, karanga baadaye.

Watu wakija kututembelea ili nao waanze, wanauliza kuhusu unga na ratiba ya kupandisha. Hawaulizi kuhusu viti. Mimi nawapeleka kwenye viti kwanza.

Mtoto akishakula dozi mpya lazima akae kwa dakika 60 tukimwangalia. Ongeza muda wa kumpima kabla, joto, kifua, kumpulizisha kwenye kipima pumzi, kumwuliza kama ana mafua, halafu umpime tena kabla hajaondoka. Ziara moja inakula karibu saa moja na nusu ya kiti. Ukiwa na viti vinne na asubuhi moja kwa wiki, huwezi kuwapandisha zaidi ya watoto wanane asubuhi hiyo, na kwa kuwa kila mmoja anarudi baada ya wiki mbili, huwezi kuwa na zaidi ya kumi na sita wanaopanda kwa wakati mmoja. Daktari anaweza kuwa bingwa kupita wote, viti vinne vitabaki vinne. Nilipolielewa hili niliacha kupigania saa za daktari nikaanza kupigania samani. Tulipata chumba kilichokuwa stoo. Tukaongeza viti vitatu na godoro la watoto wadogo. Hilo lilitusaidia kuliko mkutano wowote niliowahi kuhudhuria.

Ratiba nayo ina ujanja wake. Hatupandishi dozi mchana wa mwisho wa siku, kwa sababu anayedhurika dakika ya 55 anahitaji kubaki saa kadhaa zaidi, na hutaki abaki na mlinzi. Hatupandishi siku ya mwisho kabla ya mapumziko marefu. Dozi mbili tatu za kwanza baada ya kupandishwa ndizo za kuangalia sana, na nataka ziangukie siku ambazo kuna mtu wa kupokea simu.

Kuhusu dharura nitasema kidogo tu, kwa sababu hapa hakuna la ubunifu. Adrenalini inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Kwa dawa ya miligramu 1 kwa mililita, mtoto wa kilo 20 anapata mililita 0.2. Sitaki mtu afanye hesabu hiyo akitetemeka, ndiyo maana jedwali la uzito limebandikwa ukutani juu ya kila kiti, na kila mtoto anapoingia tunaandika dozi yake kwenye plasta na kuibandika kwenye karatasi yake. Dawa za mafua na za kuwashwa hazichukui nafasi ya adrenalini, hata kama mtoto anaonekana kuwashwa tu huku anakohoa. Mara moja kwa mwezi tunaigiza dharura bila taarifa. Mara ya mwisho tuligundua funguo za kabati la oksijeni ziko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula.

Kazi ngumu kuliko hiyo ni kusema hapana. Pumu isiyodhibitiwa ni hapana, mpaka idhibitiwe, kwa sababu wanaozidiwa vibaya mara nyingi ni wenye pumu. Mtoto anayetapika au kukwama chakula bila sababu, hapana, mpaka ajulikane ana nini. Hizo ziko kwenye miongozo. Ninayoongeza mimi haimo: namwuliza mzazi nani yuko macho nyumbani saa mbili baada ya chakula cha jioni. Si jina la mtu, nataka picha ya nyumba. Mtoto akila dozi anatakiwa asikimbie, asioge maji ya moto na asilale kwa muda wa saa mbili hivi, na mtu mzima awe anamwona. Kuna nyumba ambayo baba ana zamu za usiku na mama anarudi mtoto ameshalala. Hao si wazazi wabaya. Pengine dozi iliwe asubuhi, pengine kwa bibi, pengine mwakani. Nimewahi kukubali familia ya namna hiyo kwa huruma, bila kupanga saa. Huruma yangu ndiyo iliyomfikisha mtoto hospitali.

Simu, sasa. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja kati ya vyote, mizani, viti, unga, ningechagua simu yenye mtu.

Dozi ambayo mtoto ameivumilia kwa wiki tatu inaweza kumwangusha siku ya 22, na sababu mara nyingi haiko ndani ya bahasha. Homa inashusha kizingiti. Mazoezi yanakishusha. Kukosa usingizi, tumbo tupu, hedhi kwa wasichana, aspirini au ibuprofeni, yote yanakishusha. Mzazi anayajua haya kwa sababu tumemwambia, ila saa moja na nusu usiku, mtoto ana joto la 37.9 na bahasha iko mezani, kujua hakumsaidii. Anataka mtu wa kumwambia ampe au asimpe. Bila simu atakisia. Nusu ya wanaokisia wanampa, wakiogopa kurudi nyuma. Nusu nyingine wanaacha, kisha wanaacha kesho na keshokutwa, na wiki inapita, halafu wanaona aibu kupiga.

Kwetu tumekubaliana sheria chache zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi inayokaa mlangoni mwa friji. Mgonjwa ana homa au kifua kinabana: usimpe, piga. Ameruka siku moja au mbili: endelea na dozi ileile. Ameruka tatu au zaidi: piga kabla hujampa chochote, kwa sababu tutaipunguza. Wiki nzima: dozi inayofuata anaila hapa hapa kwetu. Kila kliniki ina namba zake tofauti kidogo; ubishi wa siku tatu au nne hauna faida. Faida iko kwenye kuwa na namba moja ambayo muuguzi, daktari na bibi wote wanaijua.

Tulianza kwa kugawana simu hiyo watu wawili. Miezi mitatu, mwenzangu akaomba uhamisho. Sasa tuko watano, kwa zamu, na tunaandika kila simu kwenye daftari. Nikilipitia daftari naona simu nyingi ni mzazi anayetaka kusikia sauti tu. Dakika mbili, basi. Lakini zile dakika mbili ndizo zinazozuia safari ya dharura.

Jambo lililoirahisisha kazi yetu kuliko lolote halikutoka kwetu. Limetokana na kuanza mapema na kutaka kidogo. Brian Vickery na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watoto 37 wa miezi 9 hadi 36, wengine wakiendelezwa na miligramu 300 za protini ya karanga kwa siku, wengine 3000. Kundi la dozi ndogo lilifanya vizuri sawa na lile la kubwa, na kwa jumla asilimia 78 waliweza kula karanga hata baada ya kusimamisha tiba kwa wiki nne. Mwaka 2019 Wakanada walitoa taarifa ya watoto 270 wa umri wa chini ya shule waliozoeshwa katika kliniki za kawaida, hadi miligramu 300: asilimia 90 walifika, na aliyepata madhara makali sana alikuwa mmoja. Jaribio la IMPACT la mwaka 2022, watoto 146 wa mwaka 1 hadi 3, lilionyesha asilimia 71 ya waliopewa karanga wakivumilia miligramu 5000 mwisho wa tiba, na asilimia 21 wakabaki hivyo hata baada ya kuacha kula karanga kwa wiki 26. Wengi wa hao waliobaki walikuwa wadogo zaidi na IgE yao ilikuwa chini.

Kwa mtu wa viti vinne, habari hiyo ni kama kuongezewa chumba. Miligramu 300 ni punje moja na kidogo. Mtoto wa miaka miwili hakimbii mbali, halali kwa rafiki, na hana maoni. Ngazi ni chache. Na familia nyingi haziombi mtoto ale bakuli la karanga. Zinaomba asife kwa kipande kilichoanguka kwenye biskuti. Tulipoacha kuwavuta wote mpaka dozi kubwa, simu za usiku zilipungua na waliojitoa walipungua.

Njia nyingine inayonivutia ni ya kubadilisha chakula chenyewe badala ya kiasi. Karanga zikichemshwa kwa saa nyingi zinapoteza sehemu ya nguvu ya kuamsha mzio. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2023 matokeo ya watoto 70 walioanza na karanga zilizochemshwa saa 12, wakahamia za saa 2, kisha za kukaangwa. 56 kati yao, yaani asilimia 80, walifika mwisho. Kwa mayai na maziwa wazo ni ndugu yake: wengi wanaodhurika na yai bichi wanavumilia lililookwa ndani ya keki. Sisi tunatumia ya mayai. Ya karanga bado, kwa sababu kila jiko linachemsha kivyake, na nimeshajifunza somo langu la vijiko.

Kuhusu dawa ya kiwandani dhidi ya unga wa dukani, wenzangu wanagombana hadi chai inapoa. Palforzia inakuja imepimwa, kwenye vidonge vya kufungua na pakiti, na inatoa jibu moja kwa maswali yangu yote ya mizani. Inahusu karanga peke yake. Mtoto mwenye mzio wa maziwa na ufuta haimnufaishi. Mimi natumia chochote kilichopo na ninachoweza kukipima mara mbili nikapata jibu moja. Omalizumabu ni kitu kingine kabisa: sindano inayozifunga IgE zenyewe, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2024 kwa mzio wa vyakula, baada ya jaribio ambalo asilimia 67 ya waliochomwa waliweza kula miligramu 600 za protini ya karanga, dhidi ya asilimia 7 ya waliochomwa sindano bandia. Haijali ni chakula gani. Nayo ukiiacha, kinga inaondoka. Kwa mtoto anayedhurika na dozi ndogo kabisa, sindano kwanza halafu kuzoesha huenda ndiyo njia pekee, na nawatakia heri wanaoweza kuipata.

Kitu ambacho hakuna jedwali linalokionyesha ni chuki. Mtoto mwenye mzio wa karanga amefundishwa tangu azaliwe kwamba harufu hii ni hatari, na mwili wake umemthibitishia. Sasa tunamwambia aimeze kila siku. Tunaificha kwenye mtindi, kwenye tunda lililosagwa, kwenye chokoleti iliyoyeyuka na kupoa. Watoto wadogo wanazoea. Walio kwenye miaka 12, 13, wengi hawazoei kamwe.

Nilikuwa na mmoja, mpole, msikivu, kadi yake imejazwa kila siku kwa mwandiko mzuri. Wiki baada ya wiki, alama ya tiki kila mstari. Nikampandisha. Dakika 20 baadaye akaanza kukohoa, akachomwa, akakaa kwetu mpaka jioni. Mama yake alipopanga chumba chake jioni hiyo alikuta bahasha 19 kwenye droo, chini ya daftari za hesabu. Alinipigia analia kwa hasira. Mimi sikuwa na hasira na mtoto. Kila wiki nilikuwa namwuliza, "Umekula zote?" na nilikuwa natabasamu nikiuliza. Swali la namna hiyo lina jibu moja tu la heshima.

Sasa nauliza, "Wiki hii umeruka mara ngapi?" Wanajibu. Mbili, tatu, moja. Mmoja aliniambia, "Zote, sista," tukacheka, tukaacha tiba kwa makubaliano. Ni sawa kuacha. Nyumba nyingine inaacha kwa sababu ya tumbo: maumivu yasiyoisha, kutapika, chakula kukwama kooni. Wachache, pengine wawili watatu katika mia, wanapata uvimbe wa umio unaoletwa na esinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, na ukisimamisha dozi kwa kawaida hutulia. Kilichokuwa kigumu kwetu ni kuwafanya wazazi watuambie kuhusu tumbo kabla ya mwezi wa tatu wa kuvumilia. Tumeliweka swali la tumbo juu kabisa ya karatasi, kabla ya ngozi.

"Mpaka lini?" Hilo linaulizwa na kila mtu na sijawahi kulijibu vizuri. Katika utafiti wa mayai wa mwaka 2012, asilimia 75 ya watoto walivuka kipimo wakiwa bado wanakula dozi. Baada ya kusimama kula kwa wiki kadhaa, walioweza kula mayai walikuwa asilimia 28. Kwa hiyo nawaambia: kwa wengi, kwa muda mrefu, labda si kila siku, ila usipange tarehe ya kumaliza. Kuna wazazi wanaonyamaza kidogo wakisikia hivyo, wanahesabu kichwani.

Juzi ilikuwa zamu yangu ya simu. Saa tatu kasoro usiku ikaja picha: shavu la mtoto, mabaka mawili mekundu, moja kama sarafu. Nikapiga. Amekula saa ngapi? Dakika arobaini zilizopita. Amekimbia? Hapana. Ana mafua? Kidogo, tangu asubuhi. Anakohoa, anatapika, sauti imebadilika? Hapana, yuko sawa, ila anataka kulala.

"Asilale. Mkalishe sebuleni, weka kalamu ya adrenalini karibu yako, umwambie akuhadithie kitu. Nipigie baada ya dakika 20, na akikohoa usinipigie, mchome kwanza."

Alipiga baada ya dakika 12. Mabaka yalikuwa yamefifia. Nyuma yake nilimsikia mtoto bado anahadithia, kitu cha simba na baiskeli, kirefu, hakina mwisho. Mama akauliza kama kesho ampe nusu. Nikamwambia aangalie mafua kwanza, anipigie kabla ya dozi, nami nikaandika kwenye daftari: mafua, mabaka 2, adrenalini hapana, kesho uliza.